Kaizari Aliuawa Wapi?

Mwanafunzi aliyesoma Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere, atajibu kwamba Kaizari aliuawa Kapitolini. Aliyesoma historia ya Roma atajibu kwamba aliuawa katika ukumbi uliojengwa na Pompey, Seneti ilipokutania siku ile ya tarehe 15 Machi, mwaka 44 KK. Wote wawili wanastahili alama, mradi kila mmoja ataje shahidi wake. Tena kosa la Kapitolini si la Shakespeare. Mshairi Chaucer alikwisha kuliandika karne mbili kabla yake. Kilicho cha Shakespeare mwenyewe ni namna alivyoukunja muda. Kwa Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki aliyemsoma katika tafsiri ya Thomas North ya mwaka 1579, alikuta Brutus, mmoja wa wauaji, akisema na umma mapema, na mazishi yakifuata baada ya siku kadhaa. Yeye akaziweka hotuba za Brutus na za Antony, rafiki wa Kaizari, zifuatane, mbele ya umati uleule. Hapo ndipo ufundi ulipo. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini umati uligeuka, jibu la tamthilia ni ulimi wa Antony. Jibu la historia lina mambo zaidi: wosia wa Kaizari ulikuwa umesomwa, na askari wake wa zamani walikuwa wamejaa mjini. Anayeyachanganya majibu hayo haoni kazi ya mtunzi wala nguvu zilizoisukuma Roma.

Mwalimu atasema mtihani hauna nafasi ya maelezo hayo. Lakini maneno mawili, “katika tamthilia”, hayamli mtu muda, na mtahini naye angeweza kuyaweka kwenye swali. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Plutarch mwenyewe alizaliwa miaka takribani tisini baada ya mauaji, kwa hiyo historia nayo ni masimulizi. Ni kweli, na ndiyo sababu shahidi lazima atajwe hata huko. Chukua maneno ya mwisho ya Kaizari. Jukwaani anamlaumu Brutus kwa Kilatini. Plutarch anasema alipomwona Brutus alijifunika kichwa kwa joho lake. Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anaandika kwamba alikufa bila kutamka neno, kisha anaongeza kuwa wapo waliodai alimwambia Brutus jambo, tena kwa Kigiriki.