Kauli Kumi za Uumbaji

Sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo haina vita. Katika Enuma Elish, utenzi wa Babeli, Marduk humuua Tiamat na kuupasua mwili wake ndipo mbingu zipate mahali pa kukaa. Msimulizi wa Kiebrania hana haja ya silaha: kwake kauli ndiyo inayotangulia kila tendo. Ufundi wake unataka kutazamwa taratibu, maana amri inayorudiwa siku baada ya siku huchosha upesi.

Anaanza kwa ubahili. Kwa Kiebrania, amri ya nuru ina maneno mawili tu, na kutokea kwake kunasimuliwa kwa maneno yaleyale, yamebadilishwa kidogo. Kati ya kusema na kuwa hapapiti hata uzi. Kisha yanakuja majina: mchana, usiku, mbingu, nchi, bahari. Baada ya siku ya tatu, Mungu wa sura hii hakiiti kitu tena. Jua na mwezi, vilivyoabudiwa na mataifa jirani, vinabaki kuwa mianga miwili, mmoja mkubwa na mwingine mdogo, bila jina.

Walimu wa Kiyahudi walifundisha katika Mishna kwamba ulimwengu uliumbwa kwa kauli kumi. Ukihesabu mara ambazo sura hii inataja Mungu akisema, utazipata kumi. Zifuate moja moja, utaona zinavyobadilika. Nuru iliamriwa pasipo wa kusikia. Siku ya tatu nchi inaagizwa itoe mimea, yaani kilichoumbwa kinashirikishwa katika kuumba. Siku ya tano viumbe vya majini vinabarikiwa, na kwa mara ya kwanza kauli inavielekea viumbe vyenyewe. Siku ya sita, baraka ya wanadamu inafanana na ile ya samaki, ila msimulizi anaongeza jambo dogo: anataja kwamba hawa waliambiwa. Kwa nyongeza hiyo, amri imempata wa kuzungumza naye.

Sura ya pili, ambayo wataalamu wengi huona imetoka kwa mkono mwingine, inaendelea kana kwamba ilikuwa ikingoja hapo. Mungu anamletea mtu wanyama ili aone atawaitaje, na jina analolitoa ndilo linaloshika. Aliyeziunganisha sura hizi mbili alizipanga kwa jicho kali: kazi ya kuita, iliyokoma siku ya tatu, sasa imekabidhiwa mwanadamu.