Lojban, kalamu, na kaya zangu ishirini

Nikiwa kwenye utafiti wa shahada ya uzamili, niliandika hivi kwenye mwongozo wa kazi: "Wasaidizi watatu watahoji kaya kumi." Nilimaanisha kaya 30. Wao wakagawana hizo kumi, wakarudi mapema, wachangamfu kweli. Kosa langu, ningeandika "kumi kumi". Lakini hapo ndipo nilipoanza kuisoma kwa makini Lojban, lugha ya kuundwa inayojengwa juu ya mantiki tangu 1987.

Kwenye idadi, Lojban inajua kazi yake. Chukua sentensi ci tadni cu tcidu re cukta, yaani wanafunzi watatu wanasoma vitabu viwili. Kanuni ni kwamba namba inayotangulia inaitawala inayofuata: kila mwanafunzi ana viwili vyake. Vitabu vinaweza kuwa viwili tu, kama wote wanasoma vilevile, au vikafika sita. Anza na vitabu, mambo yanageuka: kila kitabu na wasomaji wake watatu.

Shida iko kwenye lo, kijineno kinachotangulia nomino. Sarufi ya John Cowan ya 1997 ilikipa idadi ya kimyakimya: "angalau kimoja". Matokeo yake, mi nitcu lo penbi, nahitaji kalamu, ikawa na maana kwamba ipo angalau kalamu moja ambayo ndiyo ninayoihitaji. Hebu fikiria uko kwenye chumba cha mtihani, wino umekwisha. Kalamu hiyo ni ipi? Si unataka yoyote! Baadaye yakaja marekebisho yanayoitwa xorlo, idadi hiyo ikaondolewa. Sasa lo penbi ni kalamu tu, moja au nyingi, msemaji ataongeza namba akitaka. Inachekesha kidogo, maana neno letu "kalamu" limekuwa hivyo siku zote.

Mimi naona walifanya sawa. Ila wafuasi wa xorlo huwa hawaitaji sana gharama yake. Mahali pa namba pana maana: ci lo tadni ni watatu, mmoja mmoja, lo ci tadni ni kundi la watu watatu, na halikwambii kama wanafanya kazi pamoja au kila mtu kivyake. Sasa weka lo ci kwa wasaidizi na lo pano (kumi) kwa kaya. Umerudi palepale kwenye mwongozo wangu! Sentensi ni safi, sarufi haina lawama, na bado hujui nani anahoji ngapi. Walipoitibu kalamu, mlango huu ukabaki wazi.

Tofauti ni kwamba ukiondoa hiyo lo, ukasema ci na pano tupu, kila msaidizi anabeba kaya zake kumi bila ubishi. Kiswahili nacho kina dawa hiyo, tena fupi: rudia namba. Mimi sikuirudia. Kaya 20 zilizobaki nilizihoji mwenyewe, wiki mbili, kwa miguu.