Rubani Agombeapo Urais: Riwaya ya Philip Roth

Riwaya ya Philip Roth, *The Plot Against America* (2004), imejengwa juu ya swali moja: ingekuwaje kama Wamarekani wangemchagua Charles Lindbergh mwaka 1940? Katika historia Lindbergh hakugombea. Roosevelt alimshinda Wendell Willkie. Sifa za rubani huyo, hata hivyo, hazikubuniwa na msanii. Mwaka 1927 aliruka peke yake kutoka New York hadi Paris bila kutua. Mwaka 1938 alikubali nishani ya utawala wa Hitler.

Ustadi wa Roth umo katika uchache wa maneno ya mgombea. Lindbergh aenda jimbo hadi jimbo akiendesha ndege yake mwenyewe, ashuka na mavazi yake ya urubani, na kuhutubia kwa maneno 41 tu, ambayo maana yake ni kwamba mpiga kura achague kati yake na vita. Hoja hazimo, na pasipo hoja hapana cha kukanushwa. Roosevelt, msemaji hodari, ashindana na picha.

Picha hiyo imekwisha kuingia hata nyumbani mwa wale inaowatisha. Msimulizi ni mtoto wa Kiyahudi wa miaka saba mjini Newark, na babaye, wakala wa bima, amchukia Lindbergh kwa moyo wote. Lakini chini ya kitanda, kakaye Sandy ameficha michoro aliyomchora rubani huyo, kwa kuwa hakustahimili kuiharibu. Michoro hiyo yaeleza kura za mamilioni kuliko maelezo yote ya mikutano ya chama yaliyomo kitabuni (na ni marefu).

Kasoro kubwa imo mwishoni. Mwaka 1942 Lindbergh aruka na kutoweka, kisha Roosevelt arudishwa madarakani kwa uchaguzi. Yaletwa pia fununu kwamba mwanawe, aliyetekwa mwaka 1932, alikuwa mikononi mwa Wanazi, na baba akawatii. Ni kweli kwamba msimulizi mwenyewe aitilia shaka. Hata hivyo, fununu hiyo yahamishia lawama Berlin, na wapiga kura waliompa rubani ushindi mkubwa warejea kwa Roosevelt pasipo yeyote, hata babaye Philip, kuwauliza walimpendea nini.