Kupandisha Sailensi Hakuponyi Injini

Taa nyekundu ya oili ikianza kuwakawaka gari likiwa kwenye foleni, mafundi wengi hukimbilia tiba mbili: kupandisha sailensi, au kumwaga oili iliyomo na kuweka nzito zaidi. Taa huzimika kweli. Kilichobadilika, hata hivyo, ni dalili tu. Pampu ya oili huendeshwa na kranki; ikizungushwa polepole husukuma oili kidogo, na presha huzaliwa pale oili hiyo inapojipenyeza kwenye nafasi nyembamba za beringi. Beringi zikilika nafasi hupanuka, na upungufu huonekana kwanza kwenye sailensi, injini ikiwa ya moto na oili imekuwa nyepesi.

Presha ndogo kwenye sailensi si ugonjwa peke yake. Kwa injini ya 4A-FE, iliyofungwa kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990, Toyota iliweka kima cha chini cha kilopaskali 29 kwenye sailensi, yaani kama baa 0.3 tu, na kati ya 245 na 490 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Baa 0.3 inatosha kwa sababu kazi ya pampu ni kulisha beringi. Kinachoibeba kranki ni utando wa oili unaovutwa na mzunguko wake wenyewe, na injini isiyo na mzigo haidai mengi. Madereva huogopa mshale ukishuka, na huenda ndiyo maana Mazda MX-5, tangu katikati ya miaka hiyo ya 1990, ilipewa geji ambayo mshale wake hutulia mahali pamoja mradi presha imevuka kiwango fulani. Geji kwa sura, taa kwa kazi.

Mtetezi wa sailensi ya juu atauliza: ikiwa mizunguko 1,000 inazima taa, si oili imefika? Imefika, ila beringi iliyolika bado imelika, na deni lake litadaiwa mlimani, gari likiwa na mzigo na mzunguko mdogo. Oili nzito nayo si kosa pale mwongozo wa gari unapoiruhusu kwa nchi za joto. Lakini asubuhi, injini ikiwa baridi, huchelewa kufika juu kwenye kemshafti. Tena huenda injini ni nzima na swichi ya presha ndiyo imekufa. Ifunguliwe basi, tundu lake lifungwe geji ya kupimia, injini ipate moto, sailensi irudishwe kwenye kiwango cha mtengenezaji, presha isomwe hapo na kwenye 3,000. Vipimo vyote viwili vikiwa sawa, inunuliwe swichi mpya. Vikiwa chini vyote, sampu ishushwe na chujio la pampu litazamwe kabla mtu hajataja kufungua injini nzima.