Tunasahihisha Koma, Hoja Inatupita

Wasomaji wenzangu, leo naishitaki kalamu yangu mwenyewe.

Sisi vijana tunaoandika hapa Kwa Mathias, Kibaha, tuna kawaida ya kupeana insha tusomeane. Majuzi mshikaji mmoja alileta insha ya kulinganisha riwaya mbili tulizosoma wote sekondari: Takadini ya Ben J. Hanson na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Tukaivamia na kalamu nyekundu kama walimu wa zamu. Huyu kaweka koma, yule kahesabu: kufanana tatu, kutofautiana mbili, ongeza moja zilingane. Mimi nikaandika chini, "Safi, ila rekebisha lugha." Mwenzetu akashukuru kwa sauti ndogo, karatasi akaiacha mezani.

Usiku nikaisoma tena peke yangu. Ukurasa wa pili, katikati, kulikuwa na sentensi moja: Sekai anamwokoa mwanawe kwa kukimbia, Mama N'tilie anapigania wake kwa kubaki. Hiyo ndiyo ilikuwa insha yenyewe, bwana! Na juu yake mmoja wetu (sisemi nani) alikuwa amezungushia duara neno "wake", kwamba linachanganya.

Ugonjwa huu tumetoka nao kwenye chumba cha mtihani. Hoja tatu kitabu cha kwanza, hoja tatu cha pili, maksi zako hizo. Matokeo yake insha inakuwa vibanda viwili vilivyopeana mgongo. Na sisi tunaosahihishana tunapiga rangi kuta tu, hatuulizi kwa nini vimejengwa kiwanja kimoja. Yaani hatumwulizi mwandishi: unavipima kwa kipimo gani? Kitabu hiki kimekuonyesha nini ambacho usingekiona ukisoma kile peke yake?

Maana tazama. Sekai anatoroka kwa mumewe kwa kuwa mila inataka Takadini, aliyezaliwa na ualbino, auawe. Mama N'tilie anauza chakula, mumewe Lomolomo ni mlevi, watoto wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Yeye atorokee wapi? Mila ya kijiji unaweza kuvuka mpaka ukaiacha. Ufukara unakutangulia huko uendako. Ukivisoma pamoja ndipo unashtuka kwamba kukimbia nako ni nafasi, na si kila mama anayo. Mwenzetu alishafika mlangoni pa wazo hilo, sisi tukamwita arudi kuhesabu koma.

Lakini sifa tupu nazo hazitamsaidia. Karatasi bado ninayo. Jumamosi nitamrudishia, nimefuta ile "safi" yangu, na pembeni mwa sentensi yake nimeandika swali: Sekai kweli aliikimbia mila? Mbona hata ugenini wapo waliomtazama mwanawe kwa jicho lilelile?