Uungwana, Kufu na Pauni katika Riwaya ya Jane Austen

Riwaya za mapenzi aghalabu hudharauliwa na wahakiki wetu. Husemwa kwamba ni vitabu vya kupotezea wakati: vijana wanapendana, wazee wanakataa, na harusi inafungwa katika ukurasa wa mwisho. Tuhuma hiyo huelekezwa hata kwa Pride and Prejudice, riwaya ya Mwingereza Jane Austen iliyochapwa mwaka 1813. Tena huongezwa kwamba mabibi wa Kiingereza wa miaka zaidi ya 200 iliyopita, wenye kunywa chai na kucheza dansi, hawana la kumwambia msomaji wa huku kwetu. Sisi twaona kwamba tuhuma zote mbili zatokana na kukisoma kitabu nusunusu. Msomaji ameyafuata mapenzi, akaziruka pauni.

Nazo pauni zimejaa humo. Bwana Bennet ana binti watano na mashamba yanayomwingizia pauni 2,000 kwa mwaka, lakini hati ya urithi imeyafunga kwa warithi wa kiume. Siku atakapofariki, mali na nyumba vitakwenda kwa jamaa yake, kasisi Collins. Kasisi huyo anakuja kumposa Elizabeth, binti wa pili, na katikati ya posa anamkumbusha kwamba fungu lake ni pauni 1,000 tu, zenye faida ya asilimia 4, wala hatazipata mpaka mama yake afe. Piga hesabu, ndugu msomaji: ni pauni 40 kwa mwaka. Twamcheka Collins kwa kuwa ni mpumbavu, ila hesabu ya mpumbavu huyu ni sahihi. Katika riwaya nyingi dhaifu, mila husimama mlangoni na rungu kuwazuia wapenzi. Kwa Austen mila zimekwisha kuingia ndani, zinasema kwa kinywa cha mposaji mwenyewe.

Elizabeth anakataa. Hazipiti siku tatu, rafiki yake Charlotte Lucas, mwenye umri wa miaka 27, asiye na mali wala sura ya kusifiwa, anamkubali Collins huyo huyo. Wanafunzi humlaani Charlotte, na walimu wengi huwaunga mkono upesi mno. Na waitazame kwanza sura ambamo Elizabeth anakwenda kumtembelea. Anashangaa kuona kwamba Charlotte amechagua chumba cha nyuma kuwa cha kukalia wanawake, hali kipo kingine kikubwa na cha kupendeza zaidi. Kisha anaitambua sababu. Chumba cha mume kinatazama barabara. Lau wanawake wangalikaa mahali penye kupendeza vile vile, mume naye angalishinda pamoja nao. Hapana machozi hapo, wala hotuba. Ndoa nzima imeelezwa kwa mpango wa vyumba.

Mwandishi hakuwa mgeni wa mambo haya. Mwezi wa Desemba 1802, akikaribia kutimiza miaka 27, aliposwa na Harris Bigg-Wither, kijana mrithi wa mali. Alikubali jioni, asubuhi akaivunja ahadi, na hakuolewa kamwe. Baba yake alipofariki mwaka 1805, yeye, mama yake na dada yake waliishi kwa kutegemea msaada wa ndugu zao wa kiume. Riwaya hii aliiuza kwa pauni 110, na jina lake halikuchapwa katika kitabu.

Kwa sisi walimu wa Kiswahili, hata hivyo, lililo tamu zaidi ni jambo la lugha. Neno letu muungwana lina maana mbili: mtu wa ukoo, aliyezaliwa huru, na mtu mwenye adabu na utu. Neno la Kiingereza alilolitumia Austen nalo lilibeba cheo na tabia kwa pamoja. Darcy, mwenye pauni 10,000 kwa mwaka, anamposa Elizabeth huku akimweleza jinsi jamaa zake walivyo duni, yaani kwamba si kufu yake. Elizabeth anamjibu kwamba hakutenda kiungwana. Baadaye Darcy anakiri kwamba maneno hayo yalimtesa. Kwa nini yamtese tajiri kama yeye? Kwa sababu alidhani kwamba maana ya kwanza ya neno humpa mtu ya pili bila jasho.

Na dada ya mama yake Darcy, Bibi Catherine, anapokuja kuizuia ndoa kwa hoja ya kufu, Elizabeth anaishika maana ya kwanza: Darcy ni muungwana, naye ni binti wa muungwana, basi ni sawa. Ameuchukua mzani wa mila na kumpimia mlinzi wa mila. Wanaomwita Elizabeth mwanamapinduzi wanamzidishia, hakuuvunja mzani.

Kasoro ya riwaya tunaiona kwa Lydia, mdogo wao, anayetoroka na askari Wickham. Darcy anayalipa madeni ya kijana huyo ili amwoe, na heshima ya nyumba inaokoka kwa fedha. Maimuna wa Said Ahmed Mohamed, katika Utengano (1980), naye anaiacha nyumba ya baba yake, lakini hapana Darcy wa kulipa. Msomaji anafuatana naye hadi katika maisha ya baa. Hapo twamwona Said Ahmed Mohamed kuwa mkweli zaidi. Austen amemhurumia Lydia, na amemhurumia Elizabeth zaidi, maana aliyekataa kuolewa kwa ajili ya mali ndiye anayeipata mali kuliko wote.

Charlotte hakuhurumiwa. Kuelekea mwisho wa kitabu twasikia kwamba anatarajia mtoto, na mumewe bado ndiye mrithi wa nyumba alimozaliwa rafiki yake.