Ufundi Unaoanzia kwenye Difu

Kubadilisha injini, giaboksi na difu ya gari la zamani ni kazi moja, ingawa wengi huihesabu kuwa tatu. Nguvu hutoka kwenye injini, hupita giaboksi, hufuata propela hadi kwenye difu, kisha huingia kwenye ekseli na magurudumu. Kiungo kimoja kikiongezewa nguvu, kinachofuata ndicho kitakachovunjika. Ndiyo maana fundi hujulikana kwa mahali anapoanzia. Asiyeijua kazi huanza na injini, kwa kuwa ndiyo inayong'aa na kunguruma. Anayeijua huanza nyuma.

Chevrolet ya 1948, gari la aina inayoonekana kila kiangazi huko Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota, huonyesha sababu. Lilitoka kiwandani na injini ya silinda sita, lita 3.5 na nguvu za farasi 90, giaboksi ya gia tatu, na difu yenye uwiano wa 4.11, yaani propela huzunguka mara nne na ushei ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa barabara za wakati wake hilo lilitosha. Lakini sheria iliyozaa barabara kuu za Marekani ilipitishwa 1956, na barabara kuu ya I-94 kati ya miji hiyo miwili ilikamilika 1968. Kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, injini ile huzunguka takriban mara 3,400 kwa dakika, ilhali kilele cha nguvu zake ni 3,300. Beringi za konrodi zake nazo ni za madini laini, na hupata oili kwa kurushiwa tu. Haikuundwa kukimbizwa hivyo kutwa nzima.

Gari hili pia lina mtego wake. Propela imefichwa ndani ya bomba la chuma, na bomba hilo ndilo linalolisukuma gari: msukumo wa magurudumu hupita humo hadi nyuma ya giaboksi, na kutoka hapo hadi kwenye chesisi. Giaboksi ya zamani ikitoka, bomba halina pa kusukumia. Bomba likitoka, difu nayo haina budi kutoka. Tangu hapo springi za nyuma hubeba kazi mbili mpya, kulisukuma gari na kuizuia ekseli isijipindue, na lazima ziimarishwe pamoja na vishikizo vyake. Aliyedhani anabadilisha injini hujikuta amevua nusu ya gari.

Difu inayopendwa kwa kazi hii ni ya Ford, ile ya inchi 9 iliyotoka 1957. Wapo wanaokunja uso kuona chuma cha Ford chini ya Chevrolet. Hata hivyo Ford iliunda magari Saint Paul, kando ya mto Mississippi, kuanzia 1925 hadi 2011, kwa hiyo difu hiyo si mgeni mjini. Ubora wake ni kwamba moyo wote, yaani gia za kraun na pinioni, hutolewa kwa mbele ukiwa mzima na kupangwa juu ya meza. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Fundi hupaka meno ya kraun rangi nzito ya njano, huizungusha huku akiikaza kidogo kwa mkono, kisha husoma alama iliyobaki. Alama ikikaa katikati ya jino, pinioni iko mahali pake. Ikikimbilia shinani au nchani, shimu, kile kipande chembamba kama karatasi, huongezwa au hupunguzwa. Nafasi kati ya meno hupimwa kwa saa ya kupimia: takriban milimita 0.2. Ikizidi, difu hugonga. Ikipungua, hulia na kupata moto hadi meno yaliwe.

Giaboksi ikiwa otomatiki aina ya 700R4, iliyoanza 1982, gia ya kwanza ni 3.06 na ya nne 0.70. Difu ikipewa uwiano wa 3.73, gari huondoka kwa nguvu inayokaribia ya zamani, na kwa kilomita 110 injini huzunguka mara 2,150 hivi tu. Giaboksi hii ina waya unaotoka kwenye kabureta kuiambia dereva amekanyaga kiasi gani. Ukilegea, shinikizo la oili hushuka na klachi za ndani huungua upesi. Injini yenyewe, mara nyingi V8 ya Chevrolet ya lita 5.7, ndiyo sehemu isiyo na mengi ya kusimulia: vipuri vyake vimejaa kila mahali.

Kinachobaki ni pembe. Jointi ya propela ikipinda haizunguki sawasawa. Huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili kila mzunguko. Jointi ya pili huifuta kasoro hiyo iwapo tu mstari wa giaboksi na wa pinioni ni sambamba. Kwa kuwa pinioni huinua pua gari linapovuta, fundi huishusha nyuzi moja au mbili mapema. Breki, radieta na umeme wa volti 12 huja pamoja na hayo. Kuongeza mwendo bila kuongeza breki si ufundi.

Majira huipangia kazi hii ratiba. Msimu wa baridi barabara humwagiwa chumvi, adui wa bodi za zamani, na magari hukaa gereji yakifunguliwa. Juni wenye magari hukutana kwenye viwanja vya maonyesho vya jimbo kwa maonyesho ya magari ya Back to the 50's, yasiyopokea gari lililotoka baada ya 1964. Boneti hufunguliwa zote. Anayelala chini kutazama difu ni nadra, na huyo ndiye anayefaa kuulizwa maoni. Sheria ya Minnesota nayo huyapa magari ya kabla ya 1949 yaliyofanywa ya kisasa namba zao maalumu.

Kabla ya maonyesho, meno mapya ya difu huzoeshwa: safari fupi ya polepole, kupoa kabisa, safari nyingine. Oili ya kwanza ya difu humwagwa baada ya kilomita 800 hivi. Ikitoka na unga mwembamba wa chuma, ni kawaida; ikitoka na vipande, difu hurudi mezani.